Prosesa Mpya Ikizinduliwa: Kasi, Joto au Bei?

Kila mwaka kurasa hizi hujaa mashairi, hadithi na vitendawili, nami navipenda sana. Lakini mwaka huu nimeonelea niandike juu ya kidude kidogo, kipana kama biskuti, ambacho ndicho ubongo wa tarakilishi. Jina lake ni prosesa. Wataalamu wa lugha huiita kichakataji, na neno hilo ni zuri, ila nenda dukani ukaombe kichakataji uone vile muuzaji atakavyokukodolea macho. Humu basi nitasema prosesa, tuelewane.

Prosesa za tarakilishi za mezani hutoka hasa kwa kampuni mbili za Marekani, Intel na AMD, na karibu kila mwaka mojawapo huzindua mpya. Uzinduzi wenyewe ni kama harusi. Mkubwa wa kampuni husimama jukwaani, nyuma yake pana michoro ya mistari mirefu na mifupi, naye husema kwamba haijapata kuonekana prosesa kama hii. Kisha wachambuzi huru huichukua, wakaipima na kutoa hukumu. Mmoja huisifu hadi mbinguni, mwingine huiponda kabisa. Nimesoma hukumu nyingi za namna hii, na jambo lililonishangaza ni kwamba mara nyingi wote wawili huwa wamepata takriban nambari zilezile! Kasi ni ileile, joto ni lilelile, bei ni ileile. Sasa wametofautiana wapi? Nia ya makala haya ni kueleza hilo, kwa sababu nambari hizo huja kutugusa hata sisi tulio huku Kisumu.

Zinatugusa vipi? Mnajua kwamba chama chetu kimekuwa kikiweka akiba ya kununua tarakilishi moja ya mezani, ya kupigia chapa jarida hili na kuhariri video za michezo yetu ya kuigiza. Akiba imefika shilingi 58,000. Pesa zenyewe ni za tikiti za mchezo na za nakala za jarida zilizouzwa kwa wazazi, yaani shilingi hamsini hamsini za watu wengi. Katika kikao kimoja kulizuka ubishi. Ndugu zetu wa kidato cha nne walitaka tungoje, tuongeze pesa, tununue prosesa ya juu kabisa, ile ya gigahezi 6. Wengine wakasema hata ya zamani itatosha, kwani tunataka kurusha roketi? Mwalimu mlezi akasema kila upande ulete hoja zenye hesabu, si kelele. Hizi basi ndizo zangu.

Tuanze na kasi, maana ndiyo inayotajwa kwanza jukwaani. Gigahezi ni hesabu ya mapigo: gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Watu wengi hudhani mapigo ndiyo kasi. Sivyo. Hebu fikiria wachukuzi wawili katika soko la Kibuye. Mmoja anakwenda mbio lakini hubeba debe moja kila safari. Mwingine anakwenda polepole, lakini ana mkokoteni wa magunia mawili. Jioni ikifika ni nani atakuwa amehamisha mahindi mengi? Prosesa nayo ni hivyo. Kasi ya kweli ni idadi ya mapigo mara kazi inayofanywa katika kila pigo. Tena prosesa za siku hizi zina viini kadhaa, na kila kiini ni kama mpishi mmoja jikoni. Wapishi wanane watapika karamu upesi, lakini ukiwapa yai moja la kuchemsha, saba watasimama wakitazamana. Kuandika insha kwa tarakilishi ni yai moja. Kuhariri video ni karamu.

Historia inathibitisha jambo hili vizuri. Novemba 2000 Intel ilizindua Pentium 4 ya gigahezi 1.5, kwa dola 819. Katika majaribio kadhaa ilipitwa na ndugu yake mkubwa, Pentium III ya gigahezi 1, kwa kuwa Pentium 4 iliundwa ipige mapigo mengi huku kila pigo likifanya kazi kidogo. Isitoshe, ilihitaji kumbukumbu ya aina ya RDRAM ambayo wakati huo ilikuwa ghali. Sasa ruka hadi Julai 2006. Intel yenyewe ikatoa Core 2 Duo E6600 ya gigahezi 2.4, kwa dola 316. Prosesa hiyo, katika majaribio mengi, iliishinda Pentium Extreme Edition ya gigahezi 3.73 iliyouzwa dola 999! Mapigo yamepungua, bei imepungua, kazi imeongezeka. Kwa hivyo mtu akikuambia "hii ni gigahezi 6" hajakuambia kasi. Amekuambia mchukuzi anapiga hatua ngapi. Hajasema amebeba nini.

Hapo sitakaa sana. Jambo linalonichoma roho ni joto, na sababu yake ni kwamba wengi wetu hulichukulia kama kitu kidogo cha mwisho mwisho.

Mwalimu wetu wa fizikia hutukumbusha kwamba nishati haipotei. Prosesa haiinui kitu wala haisukumi gari. Umeme wote inaoutumia, karibu wote, huishia kuwa joto. Kwa hivyo prosesa inayotumia wati 200 ni hita ya wati 200, basi. Ili mjue wati hizo ni nini: mtu aliyeketi tu hutoa joto la kama wati 100. Intel Core i9-14900K, ambayo ndiyo ile ya gigahezi 6 wanayoililia wenzetu, ilizinduliwa Oktoba 2023 ikiwa na kiwango cha juu cha wati 253. Yaani ikifanya kazi kwa nguvu zake zote ni kama umeongeza wanafunzi wawili na nusu katika chumba. Lakini wanafunzi hao hawatoki wakati wa mapumziko!

Mnakijua chumba chetu cha tarakilishi. Paa ni la mabati, dari hakuna, madirisha mawili yamefungwa kwa sababu ya wezi. Mwezi wa Februari saa nane mchana hata mjusi hutafuta kivuli. Wachambuzi wa Ulaya na Marekani hupima prosesa katika vyumba vya nyuzi 20 na ushei. Hesabu ni rahisi: feni na chuma chake cha kupozea haviwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa ya chumba, vinaweza tu kupunguza tofauti. Ikiwa kwao prosesa imefika nyuzi 72 katika chumba cha nyuzi 22, tofauti ni nyuzi 50. Ilete hapa kwenye chumba cha nyuzi 34, ukiipa kazi ileile na feni ileile, tarajia kama nyuzi 84. Na prosesa ikikaribia kikomo chake hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hivyo kasi uliyolipia huipati. Umenunua farasi wa mbio ukamfunga kwenye matope.

Aidha, tusichanganye joto na nyuzi za joto, kwa maana hata watu wazima huchanganya. Kikombe cha chai inayochemka kina nyuzi nyingi kuliko sufuria kubwa ya maji ya nyuzi 60, lakini ni sufuria ndiyo yenye joto jingi la kukuoshea watoto. Septemba 2022 AMD ilizindua prosesa za Ryzen 7000, na watu wakashtuka kuona zinafika nyuzi 95. AMD ikaeleza kwamba zimeundwa hivyo, zipande hadi hapo na kukaa hapo bila madhara. Nyuzi hizo zilihusu kijipande kidogo sana cha silikoni. Kinachopasha chumba ni wati. Ukitaka kujua kama prosesa itakuwa salama, uliza nyuzi. Ukitaka kujua kama wewe utatoka jasho na tokeni za umeme zitaisha upesi, uliza wati.

Na wati zenyewe zina ujanja. Ile nambari iliyoandikwa kwenye maelezo ya bidhaa si lazima iwe ndiyo inayotumika. Hiyo i9-14900K imeandikwa wati 125, na ile 253 huja katika mstari mwingine. Kwa upande wa AMD, prosesa iliyoandikwa 105 huruhusiwa kuvuta hadi 142, na iliyoandikwa 65 huruhusiwa hadi 88. Basi mtu akilinganisha 125 ya huyu na 105 ya yule amelinganisha maembe na viazi.

Kwa nini basi kampuni zinakubali kutoa prosesa zenye joto jingi hivi? Hapa ndipo kuna siri, na ni siri ya hesabu ya kidato cha pili tu. Umeme unaotumiwa na prosesa hulingana na gigahezi mara volti mara volti tena. Ukitaka kuongeza mapigo, mara nyingi lazima uongeze na volti, la sivyo prosesa itakosea hesabu. Tuseme umeongeza gigahezi kwa asilimia 10, na volti kwa asilimia 10. Piga hesabu: 1.1 mara 1.1 mara 1.1 ni 1.331. Umepata kasi ya asilimia 10, umelipa umeme na joto la asilimia 33. Ile kasi ya mwishomwisho, ambayo ndiyo huifanya prosesa iwe ya kwanza kwenye mchoro wa jukwaani, ndiyo ghali kuliko zote. Wachambuzi waliozibana prosesa kubwa kama i9 zitumie nusu ya umeme waligundua kwamba hazikupoteza nusu ya kasi, hata kidogo.

Intel ililijua hili kwa njia chungu. Februari 2004 ilizindua Pentium 4 mpya iliyopewa jina la ndani la Prescott. Transista zake zilikuwa milioni 125, zaidi ya mara mbili ya Northwood iliyoitangulia, ambayo ilikuwa na milioni 55. Ilitarajiwa ipande gigahezi hadi ichoke. Badala yake ilitoa joto jingi kuliko Northwood, na katika kazi nyingi, kwa gigahezi zilezile, haikuizidi, pengine ilishindwa. Transista zilikuwa zimekuwa ndogo mno hata umeme ukawa unavuja ndani yake bila kufanya kazi yoyote, kama mtungi wenye ufa. Oktoba mwaka huohuo Intel ikafuta mpango wake wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4, na mkubwa wake wa wakati huo, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya hadhara kuomba radhi. Mzee mzima! Kutoka hapo wakaanza kuongeza viini badala ya kuongeza mapigo, na ndiyo maana nimewatajia Core 2 Duo hapo juu. Duo ni wawili.

Sasa bei. Ile bei inayotangazwa ni ya Marekani, kabla ya kodi, na ni ya prosesa peke yake. Prosesa peke yake haifanyi chochote, utaiweka mezani uitazame. Inataka madabodi inayoikubali, kumbukumbu inayokubaliwa na madabodi hiyo, feni, na pawa saplai inayotosha wati zake. Ryzen 7000 zilipozinduliwa tarehe 27 Septemba 2022, madabodi zilizozikubali zilikuwa za tabaka la juu tu. Za bei nafuu kidogo, za aina ya B650, zilikuja Oktoba, na za bei ya chini, A620, zikangoja hadi mwaka 2023. Kumbukumbu nayo ilikuwa lazima iwe DDR5, ile ya zamani haiingii. Aliyetazama bei ya prosesa pekee alifika kwenye kaunta akatoa macho. Tena prosesa yenye joto jingi hukuongezea gharama pole pole: feni kubwa, pawa saplai kubwa, kasha lenye hewa. Joto ni sehemu ya bei, ila limeandikwa kwa wino hafifu.

Hata hivyo bei ina tabia moja nzuri ambayo joto halina: hushuka. Prosesa iliyozinduliwa na wati nyingi itabaki na wati zake hadi siku itakapotupwa, lakini bei yake ya siku ya kwanza haidumu. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni huu. Novemba 2020 AMD ilizindua Ryzen 7 5800X: viini 8, hadi gigahezi 4.7, wati 105, dola 449. Aprili 2022 ikatoa Ryzen 7 5700X: viini 8 vya ukoo uleule, hadi gigahezi 4.6, wati 65, dola 299. Tazameni tena. Gigahezi 0.1 ndiyo iliyopungua kileleni! Aliyengoja mwaka mmoja na miezi mitano aliokoa dola 150 na kupunguza wati kwa zaidi ya theluthi.

Nadhani sasa tunaweza kurudi kwenye swali langu la kwanza, la wachambuzi wanaopata nambari zilezile na kutoa hukumu mbili. Tuchukue Ryzen 7 9700X, iliyozinduliwa Agosti 2024. Ina viini 8, hadi gigahezi 5.5, wati 65, dola 359, na haiji na feni.

Mchambuzi wa kwanza aliiweka kando ya Ryzen 7 7700X ya Septemba 2022. Hiyo ilikuwa na viini 8 pia, hadi gigahezi 5.4, wati 105, na siku ya kuzinduliwa iliuzwa dola 399. Mchambuzi akasema: jamani, hii mpya ni nafuu kwa dola 40, ni ya kasi zaidi kidogo, na inatumia umeme mdogo sana. Pongezi!

Mchambuzi wa pili aliiweka kando ya Ryzen 7 7700, isiyo na ile X. Hii ilitolewa Januari 2023: viini 8, hadi gigahezi 5.3, wati 65, dola 329, na ndani ya kasha mna feni ya bure. Yeye akasema: kwani jipya ni lipi? Wati ni zilezile, kasi imepanda kidogo tu katika michezo, bei imepanda, na feni wametunyang'anya. Akaipa alama za chini.

Nani kasema uongo? Hakuna. Ni kama nafasi darasani. Mtu akikuambia amekuwa wa kwanza, muulize, wa kwanza kati ya akina nani? Wachambuzi wengi walikasirika kwa sababu AMD ilikuwa imeahidi makubwa na ilipenda jirani wa kwanza. Yaani karibu upungufu wote wa umeme uliosifiwa tayari ulikuwa umepatikana mwaka mmoja na nusu kabla, kwa kupunguza tu volti na gigahezi kidogo kama nilivyoonyesha kwa hesabu. Mwezi uliofuata, Septemba 2024, AMD ikaruhusu rasmi 9700X itumie kiwango cha wati 105 kwa wanaotaka. Kasi ikaongezeka kidogo katika kazi nzito, joto likaongezeka zaidi. Hesabu ileile ya 1.331.

Kwa maoni yangu mchambuzi wa pili ndiye aliyemsaidia mnunuzi, kwa sababu mnunuzi haendi dukani kushindanisha bei za siku za uzinduzi. Huenda na pesa zake za leo, akakuta kwenye rafu vitu vilivyopo leo, kwa bei ya leo. Jirani wa haki wa prosesa mpya ni ile ambayo ungeinunua kama mpya isingetoka. Lakini mchambuzi wa kwanza naye anamfaa mtu mmoja: yule ambaye kazi yake inahitaji kitu kilichoboreshwa ndani ya ukoo mpya. 9700X iliongeza kasi nyingi katika baadhi ya hesabu za kisayansi, zile zinazotumia maagizo ya aina ya AVX-512. Kama wewe ni mtafiti wa chuo kikuu, inunue. Sisi ni Chama cha Kiswahili.

Sitaki mdhani kwamba kila uzinduzi ni porojo. Machi 2017 AMD ilitoa Ryzen 7 1800X yenye viini 8, wati 95, kwa dola 499. Jirani yake wa haki wakati huo alikuwa Core i7-6900K ya Intel, yenye viini 8, wati 140, kwa dola 1,089. Katika kazi nyingi nzito zilikaribiana. Hapo mizani yote mitatu ilikuwa imeelemea upande mmoja, ingawa kwa michezo ya video Intel bado ilikuwa mbele. Siku kama hiyo huja mara chache, na ikija huhitaji mtu wa kukueleza.

Narudi kwa gigahezi 6 ya ndugu zangu wa kidato cha nne, maana sijaimaliza. Kuna jambo ambalo hata mizani haiwezi kulipima siku ya uzinduzi, nalo ni muda. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 zilianza kuuzwa Oktoba 2022 na za kizazi cha 14 Oktoba 2023. Zilisifiwa kwa kasi. Baada ya muda wenye zile kubwa wakaanza kulalamika: programu zinajifunga ghafla, michezo inakatika, tarakilishi zinazima. Julai 2024 Intel ikaeleza kwamba maagizo yenye kasoro ndani ya prosesa yalikuwa yakiomba volti za juu kupita kiasi, nazo zikaziharibu polepole. Agosti ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Lakini marekebisho hayo ni kinga, si tiba. Prosesa iliyokwisha kudhurika haikupona. Aliyenunua Marekani aliirudisha ikabadilishwa. Chama cha shule ya kutwa ya Kisumu kingeirudisha wapi, na kwa nauli gani?

Halafu ile bei: i9-14900K ilizinduliwa kwa dola 589. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 130, ni shilingi 76,570, kabla ya kodi na usafiri. Prosesa pekee imeshamaliza akiba yetu na kutuachia deni, na bado hatujanunua hata waya wa umeme.

Sasa nisiseme tu cha kukataa. Mapendekezo yangu ni tarakilishi ya ofisi iliyotumika, zile wauzaji huziita "ex-UK", yenye prosesa ya Core i5-8500. Ilizinduliwa Aprili 2018 kwa dola 192, ina viini 6 na wati 65. Kwa bei niliyoulizia mjini, tarakilishi nzima, pamoja na skrini, inaingia ndani ya akiba yetu na pesa zinabaki za kununulia kumbukumbu ya kuongeza na UPS ya kutuokoa stima zikipotea. Lakini tafadhali tuwe macho. Muuzaji atasema "hii ni i5" kana kwamba amemaliza. i5 zimekuwa zikitolewa tangu 2009, hiyo ni sawa na kusema "hii ni Toyota". Tazama nambari inayofuata: i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-6500 ni cha 6, i5-8500 ni cha 8. Hizo mbili za kwanza zina viini 4, na hiyo 4570 ina wati 84. Zaidi ya hayo, Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha yake ya prosesa za Intel zinazokubaliwa na Windows 11 huanzia hasa kizazi cha 8. Ya kizazi cha 6 itakuwa nafuu kwa sababu hiyo hiyo. Unafuu huo tusiukimbilie.

Tukienda kuichagua, twende na fundi aifungue kasha. Tarakilishi iliyofanya kazi miaka sita ofisini huwa na blanketi la vumbi katikati ya mapezi ya kupozea, na ile krimu inayopitisha joto kati ya prosesa na chuma huwa imekauka kama ugali wa juzi. Krimu mpya ni pesa kidogo tu, na bila hiyo hata wati 65 zitaleta kelele za feni saa nane mchana chini ya mabati yale.

Kuna hoja moja ya kidato cha nne ambayo siwezi kuipinga. Video ni karamu, na wapishi 6 wa mwaka 2018 watachelewa kuliko wapishi 24 wa i9. Mchezo wetu wa saa nzima ukimalizika kuhaririwa, kule kuutoa kuwa faili moja kutachukua muda mrefu, na aliyeketi mbele ya skrini ataona kama siku haiishi. Lakini hakuna haja ya mtu kuketi pale. Tutabonyeza kitufe kengele ya kipindi inapolia, tuende darasani kwa Hisabati na Kemia, na tukirudi wakati wa chakula cha mchana faili itakuwa tayari.